Zotero kwa anayetafiti elimu ya theolojia mtandaoni: chukua, ila macho yasiondoke

Nianze na hukumu yenyewe ili mwenye haraka aende zake. Kama unaandika tasnifu, au hata makala tu ya maana, kuhusu elimu ya theolojia inayofundishwa mtandaoni, chukua Zotero. Ni bure, haina matangazo, inakaa kwenye kompyuta yako mwenyewe, na ukishaizoea utaanza kujiuliza wanaoandika bibliografia kwa mkono wanapata wapi huo muda. Shida ni kwamba rivyuu nyingi za hii programu zinaisifia kana kwamba ukishaiinstoli tu kazi imeisha, halafu nyingi zimeandikwa na watu wa sayansi ambao vyanzo vyao karibu vyote ni makala za majarida, kila moja na DOI yake (ile namba ya kudumu ya kuitambulisha makala mtandaoni), mambo yamenyooka. Sisi wa huku mambo yetu hayajanyooka hivyo hata kidogo, kwa hiyo hii yangu naiandika kwa jicho la mtu wa theolojia.

Kwa asiyeijua kabisa: ni programu ya kutunza vyanzo. Unakuwa na kitufe kwenye brauza, ukifungua ukurasa wa makala au kitabu unabonyeza, yenyewe inavuta jina la mwandishi, kichwa, jarida, mwaka, kurasa, na PDF kama inapatikana. Baadaye ukiwa kwenye Word, LibreOffice au Google Docs unachomeka rejea pale unapoitaka na bibliografia inajijenga yenyewe mwishoni. Ilianzia George Mason University huko Marekani mwaka 2006, tena kwenye kituo cha watu wa historia, na mimi naona hiyo asili inaonekana mpaka leo, maana inajua sura ya kitabu kilichohaririwa ni nini, inajua tanbihi, inajua waraka wa kwenye makavazi, vitu ambavyo programu nyingine zinavichukulia kama mgeni asiyealikwa. Siku hizi iko chini ya shirika lisilo la faida, Corporation for Digital Scholarship, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote.

Sasa kwa nini nasema inatufaa sisi hasa. Elimu ya theolojia mtandaoni ni mada iliyokaa katikati ya kambi mbili ambazo hazisalimiani sana. Upande mmoja kuna watu wa elimu, hawa wanataka staili ya APA, jina na mwaka ndani ya mabano, basi. Upande wa pili kuna wanatheolojia, hawa ukiwapelekea mabano wanakuangalia vibaya, wanataka tanbihi chini ya ukurasa, Turabian au Chicago, na kama mambo yako yanagusa Biblia kwa kina wanataka SBL, staili ya chama cha wasomi wa Biblia. Kwa hiyo unaweza kuandika sura nzima kwa APA kwa sababu msimamizi wako wa kwanza katokea kitivo cha elimu, halafu sura ile ile ukitaka kuigeuza makala ya jarida la theolojia unaambiwa tanbihi. Ukiwa umeandika kwa mkono hiyo ni kazi ya kulia machozi. Kwenye Zotero unaingia kwenye mipangilio ya waraka, unachagua staili nyingine, unasubiri kidogo, na rejea zote zilizokuwa kwenye mabano zinashuka chini kuwa tanbihi. Staili zilizopo kwenye hazina yao zimepita 10,000, Turabian toleo la 9 imo, Chicago imo kwa sura zake zote, SBL toleo la 2 imo, APA ya 7 imo. Kwangu mimi hiki kitu kimoja kinatosha kuilipia gharama ya kujifunza, hayo mengine yote ni nyongeza.

Ila baada ya kugeuza, pitia kila ukurasa kwa macho yako. Angalia namba ya tanbihi imekaa wapi na nukta ya mwisho wa sentensi, angalia pale ulipoandika jina la mwandishi ndani ya sentensi kisha ukaiambia programu ilifiche kwenye mabano, soma kama bado panaeleweka. Na ukitoka kwenye tanbihi kwenda kwenye APA ndio usiseme, kwa sababu sisi tuna tabia ya kuhamishia mjadala mzima kule chini, mistari kumi na mbili ya kumjibu mtu, na hiyo hakuna programu itakayokusaidia kuipandisha juu, ni wewe na kisu chako.

Kuhusu uvutaji wa taarifa. Kwa majarida makubwa inavuta vizuri, wala sina la kusema. Kwa hifadhidata kama Atla, ile ya dini na theolojia ambayo vyuo vingi vinaipata kupitia EBSCO, unaweza kubonyeza kitufe au kudaunlodi faili la RIS, yaani faili lenye taarifa za vyanzo, ukaliingiza, na Index Theologicus ya Tübingen, ambayo iko wazi bila malipo, nayo inakubali kutoa rekodi zake. Google Scholar itumie kutafutia tu. Ukishaipata makala, fungua ukurasa wa jarida lenyewe ndio ubonyeze kutoka pale, kwa sababu taarifa za Scholar mara nyingi ni pungufu, unakuta jina la jarida limekatwa katikati au herufi za kwanza tu za majina ya waandishi, na ukibonyeza nyingi kwa mkupuo itaanza kukuuliza kama wewe ni roboti.

Na hata taarifa ikitoka mahali pazuri, hakikisha. Ngoja nitoe mfano ambao kila mtu wa mada hii atakutana nao. Kuna makala ya Garrison, Anderson na Archer iliyoleta ule mfumo wa jumuiya ya udadisi, wenye uwepo wa kiakili, uwepo wa kijamii na uwepo wa kiufundishaji. Huwezi kuandika kuhusu kufundisha theolojia mtandaoni bila kupita hapo, maana nusu ya wanaojadili kama jumuiya ya kiroho inaweza kujengwa kupitia skrini wanaanzia kwenye huo uwepo wa kijamii. Sasa makala hiyo ipo kwenye jarida la The Internet and Higher Education, juzuu la 2, kurasa 87 hadi 105. Mwaka? Juzuu lenyewe ni la 1999, ila watu wengi wanaitaja kama ya 2000. Programu itaandika ule uliopo kwenye rekodi iliyovutwa, na wewe ukiwa umeivuta sehemu mbili tofauti unajikuta na makala mbili kwenye maktaba yako zenye miaka tofauti, sura ya pili inasema 1999 na sura ya nne inasema 2000, na mtahini mwenye macho makali anakuuliza hizi ni makala mbili au moja. Zotero ina sehemu ya kuonyesha zilizojirudia na unaweza kuziunganisha, ila mwaka upi ubaki inakuachia wewe uamue, na ukishaamua baki hapo hapo.

Kitu cha pili cha kuangalia ni aina ya chanzo. Mada yetu ina vyanzo vya kila namna: miradi ya shahada ya DMin (udaktari wa huduma ya kanisa), ripoti za mashirika ya ithibati, kanuni za seminari kuhusu kozi za mbali, rekodi za webina, mahojiano kwenye podikasti, na makala za magazeti ya kanisa. Ukibonyeza kitufe kwenye ukurasa ambao haukuandaliwa vizuri inakuja kama ukurasa wa wavuti tu, kichwa kimeungana na jina la tovuti, mwandishi hakuna. Kwa hiyo mradi wa DMin ubadilishe uwe tasnifu, jaza chuo, na kwenye ile sehemu ya aina andika DMin, vinginevyo bibliografia itaunyima hadhi yake. Inachukua nusu dakika ukifanya siku ile ile. Ukisema utarekebisha mwishoni, mwishoni kuna mambo mengine.

Halafu waandishi ambao ni taasisi. Ripoti na viwango vya Association of Theological Schools, wale wanaotoa ithibati kwa seminari za Marekani na Kanada na ambao walipitisha viwango vipya mwaka 2020, lazima uvisome kwa mada hii. Ukiandika jina la taasisi kwenye visanduku viwili, jina la kwanza na la ukoo, programu itadhani Schools ni jina la ukoo na hao wengine wote ni majina ya ubatizo, na kwenye orodha unapata kioja. Pembeni ya jina kuna kitufe kidogo cha kuunganisha visanduku viwe kimoja, tumia hicho. Hicho hicho kinasaidia kwa waandishi ambao jina lao halina ukoo kwa maana ya Kizungu, kama Waethiopia, ambao jina la pili ni la baba tu.

Na hapa kuna la wanaoandika kwa Kiswahili, sijaona rivyuu inayolisema. Staili kama Chicago na Turabian zinataka herufi kubwa kwenye kila neno muhimu la kichwa cha habari, kwa Kiingereza sawa, ndivyo walivyo. Lakini ukiwa na kitabu cha Kiswahili kwenye maktaba yako na ile sehemu ya lugha umeiacha tupu, programu inadhani ni Kiingereza na inakunyanyulia kila neno, unapata Mwongozo Wa Kufundisha Theolojia Kwa Njia Ya Mtandao, yaani mpaka "wa" na "ya" zimevaa suti. Dawa ni kuandika sw kwenye sehemu ya lugha ya hicho chanzo, basi inaacha kichwa kama ulivyokiandika. Na vichwa vya Kiingereza vihifadhi kwa herufi ndogo za kawaida, herufi kubwa mwanzoni na kwenye majina tu, kwa sababu programu inaweza kunyanyua herufi kwa ajili ya Turabian lakini haijui kuzishusha kwa ajili ya APA. Kwa mtu anayeishi kwenye kambi mbili kama tulivyosema, hii si ya kupuuza.

Tuje kwenye kusoma, ambako ndiko nadhani wengi wanaiacha nusu ya programu bila kuigusa. Tangu vesheni ya 6 ya mwaka 2022 kuna kisomeo cha PDF humo humo ndani, na vesheni ya 7 ya 2024 ikaleta vitabu vya kielektroniki vya EPUB na kurasa za wavuti ulizohifadhi. Unapigia mstari kwa rangi, unaandika maoni pembeni, halafu unaiambia ikusanye mistari yote iwe noti moja. Kila nukuu kwenye hiyo noti inakuja na mwandishi, mwaka na namba ya ukurasa, na ukiibonyeza inakurudisha kwenye mstari wenyewe ndani ya PDF. Noti hiyo ukiiingiza kwenye Word, rejea inakuja ikiwa hai, sio maandishi makavu. Ukweli ni kwamba tatizo kubwa la wanafunzi wa uzamili sio kupanga bibliografia, ni ile nukuu nzuri iliyokaa kwenye daftari bila ukurasa, hujui umeitoa wapi, unaipenda lakini huwezi kuitumia. Hiyo ndiyo inayoondoka.

Tahadhari tatu hapo hapo. Ya kwanza, namba ya ukurasa: programu inajaribu kusoma namba iliyochapwa kwenye jarida, lakini wakati mwingine inakamata namba ya PDF, kwa hiyo nukuu ya ukurasa wa 94 inaandikwa ukurasa wa 8. Linganisha ile ya kwanza tu kwenye kila faili, ikiwa imekosea unaweza kurekebisha na nyingine zote zikafuata. Ya pili, mistari unayopiga inatunzwa kwenye hifadhidata ya Zotero, haiandikwi ndani ya faili lenyewe, kwa hiyo ukimtumia mwenzako hiyo PDF kwa kuinakili tu kutoka kwenye folda ataona karatasi nyeupe, mpaka uitoe kwa njia ya kusafirisha pamoja na maoni. Ya tatu, PDF za skani za majarida ya zamani, ambazo ni picha tu, haziwezi kupigiwa mstari wa maneno wala kutafutwa ndani yake, na Zotero yenyewe haina uwezo wa kugeuza picha kuwa maandishi, utafute programu nyingine ya kufanya hivyo kwanza. Hii inauma ukiwa unafuatilia historia, kwa mfano TEE, ile theolojia kwa enezi iliyoanzia Guatemala mwaka 1963 kwenye seminari ya Wapresbiteri, ambayo kwa maoni yangu ndiyo babu wa haya yote tunayoyaita mapya. Maandishi mengi ya miaka ile ni skani za taipureta.

Kuhusu kupanga, kuna folda na kuna tagi. Chanzo kimoja kinaweza kukaa kwenye folda kumi bila kunakiliwa, ni kama jina moja kwenye orodha za vikundi tofauti vya kanisa, mtu ni yule yule. Mimi folda nimeziweka kwa maswali ya utafiti: ufundishaji, malezi ya kiroho, ithibati, historia ya elimu masafa, na gharama. Tagi nimeziweka kwa hoja. Na hapa ndipo raha ilipo, kwa sababu kwenye fasihi ya mada hii hoja zinajirudia sana hadi unaweza kuzihesabu. Nina tagi inaitwa "barua za Paulo" kwa kila anayesema Paulo alifundisha makanisa akiwa mbali kwa njia ya barua, kwa hiyo elimu masafa ina baraka za mitume. Nina nyingine inaitwa "2 Yohana 12" kwa kila anayejibu kwamba mzee Yohana hakutaka karatasi na wino, alitaka kuja kusema nao mdomo kwa mdomo. Na ya tatu ni "Neno alifanyika mwili", hiyo ni ya wale wanaosema mwili haupiti kwenye waya. Nikibonyeza tagi mbili kwa pamoja napata waandishi waliojibu pande zote mbili, na hao kwa kawaida ndio wenye thamani ya kusomwa mara ya pili. Zaidi ya hapo, tagi tisa unaweza kuzipa rangi na kila moja ikapata namba yake kwenye kibodi, kwa hiyo hali ya kusoma, kama haijasomwa, imesomwa, ya kunukuu, unaiweka kwa kubonyeza 1, 2, 3.

Kipengele kingine ninachokipenda ni kuhifadhi nakala ya ukurasa wa wavuti. Kanuni za seminari kuhusu kozi za mtandaoni zinabadilika kila muhula, leo ukurasa unasema mwanafunzi lazima aje chuoni wiki mbili kwa mwaka, mwakani sentensi hiyo haipo na linki yenyewe imekufa. Ukihifadhi kwa kitufe, ukurasa wenyewe unabaki kwako pamoja na tarehe uliyoufungua, na unaweza kuupigia mistari kama PDF. Ukitaka uhakika zaidi, uhifadhi na kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, uweke linki hiyo kwenye rekodi, ili na msomaji wako aweze kuuona.

Biblia je? Hapa usihangaike na programu. Kwa Turabian, Chicago na SBL, mistari ya Biblia unaitaja ndani ya maandishi au kwenye tanbihi kwa kitabu, sura na aya, tafsiri unaitaja mara ya kwanza, na kwa kawaida Biblia haiingii kwenye bibliografia. Andika kwa mkono tu. Lakini APA ya 7 ina mawazo mengine, yenyewe inataka Biblia iwe na ingizo lake kwenye orodha ya marejeo kama kazi nyingine yoyote, kwa hiyo kama uko upande wa APA tengeneza rekodi moja ya tafsiri unayotumia. Ukihama kambi, kumbuka kuiondoa au kuiongeza, maana mabadiliko ya staili hayatakufanyia hilo ikiwa aya zote umeziandika kwa mkono. Kwa SBL pia kuna vifupisho vya majarida, JBL (Journal of Biblical Literature) na wenzake, ambavyo lazima uvijaze mwenyewe kwenye sehemu ya kifupisho, na mababa wa kanisa kwa namna SBL inavyowataka ni mateso, kuwaandika kwa mkono ni haraka zaidi. Bahati nzuri kwenye mada ya elimu mtandaoni Agustino hatokei mara nyingi.

Nafasi ya kuhifadhi ndiyo malalamiko ya kila mtu. Unapata megabaiti 300 bure kwenye seva zao kwa ajili ya mafaili, nyingine unalipia kwa mwaka, na megabaiti 300 za skani zinaisha upesi mno. Lakini watu hawaelewi kwamba hiyo ni ya mafaili tu. Rekodi, noti na tagi zinasinki bure bila kikomo. Kwa hiyo unaweza kuzima usinki wa mafaili kabisa, PDF zikabaki kwenye kompyuta, au ukatumia seva ya WebDAV (hifadhi ya mtandaoni iliyo nje ya Zotero) kwa maktaba yako binafsi, ingawa WebDAV haikubali maktaba za vikundi. Anayehofia bando achague mafaili yashuke pale tu anapoyafungua, badala ya yote kwa pamoja. Usije ukaiweka folda ya data ya Zotero ndani ya Dropbox au mfano wake ukidhani umepata ujanja, hifadhidata inaweza kuharibika, na wenyewe wametahadharisha hilo. Na kusinki sio bekapu, ukifuta kitu hapa kinafutika na kule, kwa hiyo nakili hiyo folda kwenye diski ya nje mara kwa mara.

Kwa wanaofanya kazi kama timu, maktaba ya kikundi ni nzuri, kila mtu anaona alichoweka mwenzake na mistari aliyopiga. Mafaili yanahesabiwa kwenye nafasi ya mwenye kikundi, kwa hiyo mchague mwenye akaunti nene awe mwenye kikundi. Ila naomba sana, yale mahojiano uliyofanya na wanafunzi au wachungaji, yenye majina yao, usiyatupie humo kisa ni rahisi kuyapata. Hayo yana fomu ya ridhaa, tafuta mahali pake.

Nimeulizwa sana kuhusu AI kwamba si itatuandikia marejeo tu. Jibu langu ni kwamba hizo roboti za maongezi zinatunga marejeo, na zinatunga vizuri, mwandishi wa kweli, jarida la kweli, kichwa kinachoshawishi, na makala haipo. Zotero ina kitufe cha kuongeza chanzo kwa namba, unabandika DOI au ISBN nayo inaleta rekodi. Marejeo yoyote uliyopewa na roboti, au hata na rafiki, bandika namba yake pale. Ikileta kitu kingine kabisa, au isipoleta chochote na huipati kwingine, umeshajua. Pia tangu 2019 inalinganisha maktaba yako na orodha ya Retraction Watch, makala iliyofutwa na jarida inapigwa alama nyekundu, japo kwa theolojia sio kitu utakiona kila siku.

Wenzake? EndNote ni ya kulipia na kama chuo kimekununulia sina ugomvi nawe. Mendeley ya Elsevier inasomeka vizuri, ila hazina yako inakaa kwenye mfumo wa kampuni ya uchapishaji, na mimi vitu vya miaka mitano ya kusoma napenda viwe kwenye programu ambayo nikitaka kuondoka naondoka navyo. Kwa kazi ya kurasa tano yenye vyanzo sita usijisumbue na yoyote kati ya hizi, andika kwa mkono ukalale.

Kutoka tano naipa nne na nusu, hiyo nusu nimeikata kwa ajili ya SBL na mababa wa kanisa. Na siku ya kuwasilisha, tengeneza nakala ya waraka, kwenye hiyo nakala ndio ukate uhusiano wa rejea na programu ili zibaki maandishi ya kawaida, ile ya asili iache hai, kwa sababu masahihisho ya wasimamizi na watahini yatakuja, na karibu kila mara kuna mmoja atakayesema ongeza vyanzo vya karibuni.